Desemba 2005: Katiba yetu, mahakama yao, na maneno ya viongozi



Tarehe 18 na 19 Desemba 2005, watu wa Kongo walipanga mstari tangu alfajiri kwenda kusema ndiyo ao hapana kwa Katiba mpya. Nilikuwa mtoto, hapa Lubumbashi, ni wakati wa mvua, na mama alirudi nyumbani na wino kwenye kidole na matope hadi magotini. Nikamuuliza, "Mama, mulichagua nani?" Akanijibu, "Hatukuchagua muntu. Tulichagua vita iishe." Naamini wengi walifikiri vile. Zaidi ya 84 kwa 100 walisema ndiyo, lakini wale waliokuwa wameisoma Katiba ile tangu mwanzo mpaka mwisho, nadhani wangeenea ndani ya mabasi machache.

Ndani yake kuko kifungu cha 40. Kinasema kwamba kila mtu ana haki ya kuoa ao kuolewa na mtu wa chaguo lake, wa jinsia tofauti, na kujenga jamaa. Maneno matatu haya, "wa jinsia tofauti", niliyapita mara nyingi nikijitayarisha kwa mitihani bila kuyaona. Kodi ya jamaa ya 1987 ilikuwa tayari inaongea juu ya mwanaume na mwanamke. Kwa nini kurudia jambo lile ndani ya Katiba yenyewe? Mimi naona jibu liko kwenye kalenda. Mwezi wa 6 mwaka 2003 Ubeljiji, nchi ambayo vitabu vyake vya sheria ni mama ya vitabu vyetu, ilianza kuandikisha ndoa za watu wa jinsia moja, ya pili duniani nyuma ya Uholanzi. Walioandika Katiba yetu walikuwa wanasikia redio kama sisi wote. Walifunga mlango kabla mtu hajabisha hodi.

Sasa tazameni jambo hili. Siku 17 kabla ya mstari wetu wa kura, tarehe 1 Desemba 2005, huko Johannesburg, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema kinyume kabisa: kwamba sheria ya ndoa inayowanyima watu wa jinsia moja inavunja Katiba ya nchi ile. Nchi mbili za Afrika, zote mbili zimetoka kwenye mateso makubwa, zote mbili zimekaa mezani kuandika Katiba ya maisha mapya. Tena mazungumzo yetu ya amani yalifanyika kwao, kule Sun City na Pretoria, chini ya macho ya Thabo Mbeki. Katika mwezi mmoja moja ikafungua na nyingine ikafunga.

Niliandika memwari yangu juu ya jambo hili, na siku ya kuitetea mmoja wa jiri aliniuliza, "Weye mwenyewe uko upande gani?" Nilijibu vibaya. Nilisema mwanahistoria hana upande. Oditwari ilicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Leo nataka kueleza upya, pole pole, na nitaanza na wanasiasa, juu wengi wetu tunaamini kwamba viongozi wa Afrika Kusini walikubali jambo hili kwa sababu "Wazungu waliwaambia". Haikuwa vile. Ilianzia ndani ya gereza.

Mwaka 1984, mitaa ya Vaal, kusini mwa Johannesburg, iliwaka moto juu ya kodi za nyumba. Kati ya vijana waliokamatwa kulikuwa na Simon Nkoli. Waliwekwa pamoja watu 22 katika kesi kubwa ya uhaini iliyojulikana kwa jina la Delmas, mji mdogo ambako ilianza kusikilizwa. Adhabu ya kifo ilikuwa inawezekana. Ndani ya gereza Nkoli aliwaambia wenzake waziwazi kwamba yeye anapenda wanaume. Fikirieni hofu ya pale: wanangojea pengine kunyongwa, serikali inatafuta kila njia ya kuwachafulia jina, na ndugu mmoja anasimama kusema neno lile. Wengine walikasirika, wakataka atengwe na ashitakiwe peke yake. Majadiliano yalikuwa marefu na makali. Mwishoni wakabaki kesi moja, watu 22.

Kati ya washitakiwa wale kulikuwa na Mosiuoa Lekota, aliyeitwa Terror, jina alilolipata kwenye kiwanja cha mpira. Mukumbuke jina hili, litarudi.

Wakati huohuo, viongozi wa ANC waliokuwa uhamishoni hawakuwa na msimamo wowote. Mwaka 1987 Ruth Mompati, mwanamke wa heshima kubwa katika chama, aliulizwa swali hili na mwandishi mmoja huko London. Akajibu kwamba haoni shida ya watu hawa iko wapi, wana nyumba nzuri na chakula cha kutosha, na kwamba mambo yao yanawapotosha watu kutoka kwenye mapigano yenyewe. Jibu lile lilichapishwa na likaleta aibu, hasa kwa marafiki wa chama huko Ulaya. Mwezi wa 11 mwaka ule, Mbeki, ambaye ofisi ya chama chake ilikuwa Lusaka, siyo mbali na sisi wa Katanga, aliandika barua: ANC inapinga ubaguzi wa kila aina, na hilo pia limo.

Mtu anaweza kusema, tazama, ni shinikizo la Ulaya. Sehemu ni kweli, sitaficha. Lakini barua haifungui gereza wala haibadilishi moyo wa mtu kama Lekota. Huyu alibadilishwa na kukaa gerezani pamoja na Nkoli. Baadaye alieleza kwamba wakati wa kuandika Katiba ulipofika, watu waliokuwa kwenye kesi ile hawakuweza tena kusema kwamba mtu aliyeweka bega lake pamoja nao kusukuma gurudumu anyimwe haki ambayo wote waliipigania. Hiyo ndiyo njia ambayo kifungu kiliingia: Katiba ya muda ya 1993, kisha ile ya kudumu ambayo Mandela aliitia saini Sharpeville tarehe 10 Desemba 1996. Ilikuwa ya kwanza duniani kutaja wazi kwamba mtu asibaguliwe juu ya mwelekeo wake wa mapenzi. Nkoli alikufa kwa ukimwi tarehe 30 Novemba 1998. Mwezi mmoja na kitu kabla yake, mahakama ilikuwa imefuta sheria iliyokuwa inawaadhibu watu kama yeye.

Bon, turudi kwenye hukumu ya 2005. Aliyeiandika ni jaji Albie Sachs, mtu mwenye mkono mmoja. Mwingine ulikatika katika bomu ambalo watumishi wa serikali ya ubaguzi walitega kwenye gari lake huko Maputo mwaka 1988. Hukumu yake ni ndefu, na wanasheria wetu wangeisoma hata kwa kujifunza namna ya kupanga mawazo. Alisema mambo mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza, kanisa ao msikiti wowote hautalazimishwa kufungisha ndoa usiyoikubali. La pili, bunge linapewa miezi 12 kutengeneza sheria. Likishindwa, maneno mapya yataingia yenyewe katika sheria ya zamani ya ndoa. Jaji mwenzake, Kate O'Regan, hakukubali miezi ile 12: aliona haki isingoje.

Hapa ndipo wanasiasa walianza kujionyesha. Maana miezi 12 ile ilikuwa kioo.

Serikali ilileta kwanza pendekezo la katikati: watu hawa wapewe uandikisho wao wa pembeni, wenye haki sawasawa, lakini usiitwe ndoa. Katika nchi nyingine wanasiasa wangepumua. Kule Afrika Kusini neno "tofauti lakini sawa" lina harufu mbaya. Ndivyo serikali ya zamani ilivyoelezea shule za weusi, mabasi ya weusi, vyoo vya weusi. Mikutano ya kusikiliza raia ikafanyika katika majimbo yote, na watu wengi sana walikuja kupinga, siyo tu neno ndoa, bali jambo zima. Tafiti za miaka ile zinaonyesha kwamba karibu watu 8 kwa 10 waliona mapenzi ya jinsia moja ni makosa daima. Wakuu wa kimila walipinga. Chama cha kikristo cha mchungaji Kenneth Meshoe kilitaka Katiba yenyewe ibadilishwe. Inkatha ya Buthelezi ilipinga vilevile. Wanasiasa wa ANC walikuwa wanasikia haya yote, na uchaguzi hauko mbali kamwe.

Tarehe 24 Septemba 2006, sikukuu ya urithi, Jacob Zuma alisimama KwaDukuza, mahali Shaka alipozikwa. Ilikuwa saa yake ngumu. Mbeki alikuwa amemfukuza kwenye cheo cha makamu wa rais mwaka uliotangulia, na alikuwa anatafuta kurudi kupitia kwa watu wa kawaida. Akawaambia kwamba ndoa za namna hii ni aibu kwa taifa na kwa Mungu, na kwamba alipokuwa kijana, mtu wa aina ile asingethubutu kusimama mbele yake, angempiga aanguke. Watu walishangilia. Siku chache baadaye, makelele yalipokuwa makubwa kwenye magazeti, aliomba radhi kwa wale walioumizwa, na akataja mchango wao katika ukombozi.

Nilipokuwa nafanya utafiti, sehemu hii ilinikalisha muda mrefu. Zuma yupi ndiye wa kweli, yule wa KwaDukuza ao yule wa barua ya radhi? Nilijaribu kupima kwa matendo. Desemba 2007 alishinda uongozi wa chama huko Polokwane. Maneno yale hayakumpunguzia kitu. Mei 2009 akaingia ikulu. Alikuwa na wingi wa kutosha bungeni, ana wapenzi waliokuwa wamemshangilia, na sheria ile hakuigusa. Wala kuitetea kwa nguvu, wala kuifuta. Kwa maoni yangu hapakuwa na Zuma wa kweli katika jambo hili. Kulikuwa na watu waliosimama mbele yake siku ile, basi. Musicheke upesi, tuko nao wengi hapa kwetu. Mwaka 2010, halafu tena 2013, wabunge wetu walileta mapendekezo ya kuwafunga watu wa namna hii, yakapigiwa kelele kwenye redio, halafu yakalala kwenye dirowa. Kodi yetu ya penale haiwataji mpaka leo. Kuna mwanasiasa aliyepata umaarufu wa wiki mbili, na kuna mtu mtaani aliyepigwa katika wiki mbili zile.

Siku ya kura ni tarehe 14 Novemba 2006. Pendekezo lilikuwa limebadilishwa katika siku za mwisho: sasa watu wawili wowote, wa jinsia moja ao tofauti, wangeweza kuchagua kuiita ndoa ao kuiita ushirika wa kiraia. ANC iliwapa wabunge wake amri ya chama, hakuna kura ya dhamiri. Chama kikubwa cha upinzani, DA, kiliwaacha wake huru. Waziri wa mambo ya ndani, Nosiviwe Mapisa-Nqakula, alitetea kwa kukumbusha ahadi ya kwamba hakuna mtu atakayebaguliwa tena. Meshoe akasema ni siku ya huzuni kupita zote tangu demokrasia ianze.

Halafu akasimama waziri wa ulinzi. Ni Lekota. Yule wa kesi ya Delmas. Alisema kwamba katika mapigano marefu wanaume na wanawake wengi wa namna hii walikuwa safuni pamoja nao. Tutaishije, tukila matunda ambayo tuliyapigania bega kwa bega, tukiwakataza wao? Nkoli alikuwa amekufa miaka minane. Simjui Lekota, sijawahi kumwona, lakini nilipoona maneno yale niliweka kalamu chini.

Matokeo: kura karibu 230 kwa 41. Sasa fanyeni hesabu, ninyi watu wa ekonomi na wa hesabu. Bunge lina viti 400, ANC peke yake ilikuwa na zaidi ya 290. Hata kama kura zote za ndiyo zingekuwa za ANC, na hazikuwa zote, bado watu zaidi ya 60 wa chama hawakusema ndiyo. Mtu anaweza kuwa mgonjwa, anaweza kuwa safarini. Siyo 60. Hawa walikuwa na msimamo wa tatu, ambao haumo katika vitabu vya siasa: kutoonekana. Nawaona wabaya kuliko Meshoe. Meshoe alisimama, alisema anachoamini, akapiga kura ya hapana, na jina lake limeandikwa. Yule aliyebaki hotelini siku ile anaweza leo kuwaambia wajukuu wake chochote.

Hata Mbeki, mwenye barua ya Lusaka, siku ya saini alikuwa nje ya nchi. Makamu wake, Phumzile Mlambo-Ngcuka, ndiye aliyetia saini kwa niaba yake. Ni safari za kazi, sitaki kumsingizia. Sheria ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda wa mahakama kuisha. Ni tarehe ileile aliyokufa Nkoli. Sidhani kuna mtu aliyeipanga.

Lakini sheria ile ilikuwa na shimo, na wanasiasa walilichimba wenyewe ili kura zipatikane. Kifungu cha 6 kiliruhusu afisa wa serikali anayefungisha ndoa kukataa ndoa ya jinsia moja kwa sababu ya dhamiri yake. Kwa mchungaji naelewa. Kwa mtu anayelipwa na serikali, ndani ya ofisi ya serikali? Miaka ikapita, na zaidi ya mmoja kati ya watatu wa maafisa wale walikuwa wamepewa ruhusa ya kukataa. Katika mji mdogo wenye ofisi moja, sheria inabaki karatasi. Aliyeleta pendekezo la kukifuta, mwaka 2018, ni mbunge mmoja wa chama kidogo, Deidre Carter wa COPE. Na COPE ni chama gani? Ni kile alichokianzisha Lekota mwaka 2008 alipotoka ANC. Cyril Ramaphosa alitia saini Oktoba 2020.

Yaya wangu anaishi Johannesburg tangu zamani, analinda magari kwenye parkingi. Nilimpigia simu kumwuliza yeye anaonaje. "Sheria iko," akasema, "lakini njia hazisome sheria." Ana haki. Aprili 2008 huko KwaThema, mwanamke mmoja, Eudy Simelane, aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya mpira, aliuawa vibaya sana, na alikuwa anajulikana kwamba anapenda wanawake. Ilikuwa chini ya miezi 18 tangu sheria ianze. Wanaosema kwamba viongozi wakiamua, watu watafuata, wakumbuke jina lile. Na wanaosema viongozi wangoje mpaka watu wawe tayari, waeleze yeye angengoja mpaka lini.

Sasa swali la jiri. Wakati tukiwa grade ya pili, kulikuwa na ndugu mmoja katika promosheni yetu ambaye maneno yalianza kuzunguka juu yake. Hakuna aliyeona kitu. Ilikuwa tu namna anavyotembea, namna hana mchumba. Asubuhi moja mtu aliandika neno kwenye ubao kabla ya kozi kuanza, yeye akaingia, akalisoma, akakaa mahali pake. Profesa alifuta ubao bila kusema neno, akaanza somo, na huo nao ni msimamo. Sisi tulicheka. Mimi pia nilicheka. Mwezi uliofuata hakurudi, na alikuwa wa pili kwa pointi katika promosheni nzima.

Kwa hiyo siku ile mbele ya jiri, niliposema sina upande, nilikuwa kama wale 60 wa hotelini. Juu ya ndoa yenyewe, niliyolelewa nayo nyumbani na kanisani bado iko ndani yangu, na siwezi kusema imetoka yote. Najua tu kwamba ningepewa ubao ule tena ningeamka kuufuta kabla hajaingia.

Mwaka jana nilipata namba yake. Yuko Kolwezi, anafanya kazi ya hesabu kwenye kampuni. Nilimtumia memwari yangu yote, kurasa 94, na maneno machache ambayo nilikuwa nimeyafuta na kuyaandika mara nyingi. Alikaa siku tatu bila kujibu. Siku ya nne akaniandikia kwamba amesoma mpaka sura ya pili, kwamba mwaka wa kesi ya Delmas nimeuandika vibaya kwenye ukurasa wa 31, na kwamba bado niko na deni lake la fotokopi, franga 3,000.

Ukurasa wa 31 nimeusahihisha.